Kamba ya ukutani: shajara ya mradi wa sehemu na namba mchanganyiko

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimemaliza kusahihisha zoezi la kupima, lile la kabla hatujaanza mada. Maswali matano tu, na la kwanza limenitosha: 1/2 + 1/3. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 2/5. Wamejumlisha vya juu kwa juu, vya chini kwa chini, wakapiga mstari katikati, wakaenda swali la pili kwa amani kabisa.

Kosa lenyewe nililitegemea. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Hiyo 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Mtu ana nusu mkononi, anaongezewa theluthi, anabaki na pungufu ya nusu, na hashangai! Mwambie mtoto huyohuyo kwamba 50 ukijumlisha na 30 unapata 45, atakucheka mbele ya wenzake. Maana yake kwake 1/2 bado si namba. Ni namba mbili zinazoishi nyumba ya ghorofa, wa juu na wa chini, na kila mmoja anaweza kufanyiwa hesabu zake bila mwenzake kujua.

Basi mradi huu wa wiki sita una lengo moja. Mwanafunzi akiona 3/4 au 2 3/4 aone namba moja yenye mahali pake kwenye kamba ya namba tutakayoitundika ukutani, kabla hajaigusa kwa kanuni yoyote. Kanuni zitakuja, wala sizichukii, lakini safari hii zitakuja baadaye.

Wiki ya 1, Jumatano

Nimewapa swali ambalo si langu. Mwaka 1978 huko Marekani watoto wa miaka 13 waliulizwa katika mtihani wa taifa wakadirie jibu la 12/13 + 7/8. Waliwekewa majibu manne wachague: 1, 2, 19 na 21. Waliopata walikuwa 24% tu. Hiyo 19 na hiyo 21, kila moja peke yake ilichaguliwa na watoto wengi kuliko jibu sahihi.

Darasani kwangu mambo yamekwenda vilevile. 12 na 7 ni 19, 13 na 8 ni 21, kazi imekwisha. Mmoja tu wa safu ya mbele alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, hizi zote mbili karibu zinajaa." Nilitamani kumkumbatia, lakini nikamwambia tu akae, aliandike neno hilo *zinajaa* kwenye daftari, tutalihitaji.

Baada ya kipindi mwenzangu anayefundisha mkondo wa pili ameniuliza kwa nini nasumbuka na mambo mapya wakati michoro ya duara ipo kitabuni. Sababu ninazo mbili. Ya kwanza, duara halikubali kugawanywa kwa tano wala saba kwa mkono wa mtoto. Vipande vinatoka vimekonda huku na kunenepa kule, halafu tunasema "sehemu zilizo sawa" kwa uso mkavu. Ya pili ni nzito zaidi. Chora maduara mawili, kila moja ligawe kwa nne, tia rangi vipande vitano, uliza ni sehemu gani. Nusu ya darasa watasema 5/8. Na kwa macho yao wako sahihi, maana wanaona vipande nane na vitano vimetiwa rangi. Duara halisemi nzima ni ipi, na ndiyo maana namba mchanganyiko (nzima pamoja na sehemu, kama 1 1/4) zinawapotea hapo.

Wiki ya 1, Ijumaa

Leo vipande vya karatasi. Siku mbaya, lakini mbaya yenye faida.

Niliwaambia kila mmoja akate ukanda wa karatasi, aukunje nusu, robo, thumuni (1/8). Sikutaja urefu. Kosa langu. Baada ya dakika kumi dawati la nyuma likawa na ugomvi: "Nusu yangu ni kubwa kuliko nzima yako!" Na kweli, mmoja alikata ukanda mrefu kama daftari, mwenzake alikata mfupi kama kalamu. Nikasimamisha kazi zote. Tukaviweka vipande vile viwili ubaoni kwa gundi, nikauliza: je, nusu inaweza kuzidi moja? Wengine wakasema ndiyo, maana wanaiona kwa macho yao. Ilichukua nusu kipindi hadi mtu aseme kwamba nusu haina ukubwa mpaka useme nusu *ya nini*.

Nusu kipindi, na si ya bure. Sijawahi kulifundisha jambo hilo kwa kukusudia. Siku zote nimelichukulia kama linajulikana.

Kuanzia sasa ukanda wa darasa ni sentimita 24. Unagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila mabaki. Kwa tano unagoma (sentimita 4.8 si kipimo cha kumpa mtoto mwenye rula iliyofutika), kwa hiyo nimewaonyesha ujanja wa mistari. Unachukua karatasi kubwa yenye mistari, unaulaza ukanda mshazari, ncha moja juu ya mstari wowote, ncha nyingine juu ya mstari wa 25 kutoka hapo. Kisha kila mstari wa tano unapokatiza ukanda unaweka nukta. Mistari ina nafasi sawa, basi na nukta zina nafasi sawa, hata ukanda uwe wa urefu gani, mradi uifikie mistari hiyo. Ukitaka saba, hesabu mistari 21, weka nukta kila mstari wa tatu. Walipoona nukta zimekubaliana na vipande vilivyokunjwa wakaanza kujaribu 9 na 11 bila kuambiwa.

Wiki ya 2, Jumatatu

Kamba imepanda ukutani.

Urefu wa nzima moja ni sentimita 120, na kamba inaanzia 0 hadi 4, yaani mita 4.8 upande wa dirishani. Nimechagua 120 kwa sababu inakubali 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12. Kadi zinashikwa kwa vibanio vya nguo, na kadi nne nyekundu za namba nzima pamoja na sifuri nimezishona kabisa zisihamishwe.

Kazi ya kwanza: kila jozi inapewa kadi moja, inatundika, inaeleza. Jozi ya tatu ilipewa 3/4. Wakasimama, wakanong'onezana, wakaenda moja kwa moja wakaitundika katikati ya 3 na 4.

Nimefundisha miaka mingi na kosa hili sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kuwapa nafasi ya kulifanya. Kwenye daftari watoto hawa wangejaza duara vizuri, robo tatu, tiki. Lakini walipoulizwa 3/4 *iko wapi*, waliona 3, waliona 4, na kile kistari wakakisoma kama "kati ya". Sikuwasahihisha. Niliuliza darasa: nani ana kadi ya 1/2? Akaja, kwa mantiki ileile akaitundika kati ya 1 na 2. Nikamwambia aseme kwa sauti jina la kadi yake. "Nusu." Nusu ya nini? Akatazama sifuri, akatazama moja, akaichomoa kadi yake kimyakimya na kuihamisha. Jozi ya 3/4 ikafuata bila kuambiwa neno.

Wiki ya 2, Jumanne

Kamba imelegea usiku. Kadi ya 1 1/2 imeshuka kama sentimita nne. Nimeikaza, nimeongeza msumari katikati.

Wiki ya 2, Alhamisi

Leo tumezungumza majina, na nadhani ni kipindi bora kuliko vyote hadi sasa, ingawa hatukukokotoa chochote.

Namba ya chini tunaiita *asili*, ya juu *kiasi*. Watoto wanayakariri maneno haya kama majina ya watu wasiowajua. Lakini yasikilize! Asili ni ulikotoka. Kiasi ni ulivyo wingi. Katika 5/8, asili inasema vipande hivi vimetoka kwenye nzima iliyokatwa nane. Kiasi kinasema unavyo vitano. Ya chini ni ukoo, ya juu ni idadi ya watu wa ukoo huo. Nikawauliza: thumuni tatu na thumuni mbili ni thumuni ngapi? Tano, wote kwa pamoja. Na thumuni ile imegeuka kuwa kitu kingine? Haijageuka. Nikaandika 3/8 + 2/8 ubaoni, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuandika 5/16.

Nimeamua kwamba kwa wiki mbili hatutasoma "tatu juu ya nane". Tutasema thumuni tatu (3/8), theluthi mbili (2/3), sudusi tano (5/6), humusi nne (4/5), ushuri saba (7/10). Ni maneno ya zamani kidogo na mengine watoto hawajawahi kuyasikia (subui, yaani 1/7, iliwachekesha sana, sijui kwa nini), lakini yana faida ambayo "juu ya" haina: yanaifanya asili iwe nomino. Ukishasema *sudusi tano*, umeshakubali kwamba kinachohesabika ni sudusi. Kwa asili kubwa kama 13 tunasema "kumi na mbili za kumi-na-tatu" na tunaishi hivyohivyo.

Jina moja limenipa taabu: sehemu guni, yaani sehemu ambayo kiasi chake hakipungui asili. Mwanafunzi aliuliza guni ni nini. Kwa washairi, guni ni shairi lenye kasoro, lililovunja arudhi, yaani kanuni za utungaji. Sasa wahesabu wakaliazima kwa ajili ya 5/4, na mtoto anaingia darasani tayari anaamini 5/4 ina ugonjwa unaohitaji dawa. Haina ugonjwa wowote. Ina makao kwenye kamba, sentimita 150 kutoka sifuri, sawasawa na namba nyingine yoyote. Jina nitalitumia kwa sababu mtihani unalitumia, ila nimewaambia wazi kwamba hapa aliyekosea ni jina.

Wiki ya 3, Jumatatu

Kuhesabu kwa sauti, mwanafunzi mmoja anatembea na fimbo kando ya kamba: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano... Walipofika robo nne nusu yao wakasema "moja", wengine "robo nne", sauti zikagongana. Nikaacha zigongane. Tukarudi tena mara tatu hadi wakaona kwamba makundi yote mawili yanataja mahali pamoja.

Kisha: robo kumi na moja iko wapi? Aliyeshika fimbo akapiga hatua za nzima badala ya robo: nne, nane, ("sasa nimebakiwa na tatu") tisa, kumi, kumi na moja. Akasimama kwenye 2 3/4. Ndiyo kugawanya kwenyewe, 11 kwa 4 ni 2 baki 3. Lakini ngoja. Kwenye daftari, wanne wameandika 2 3/11 na mmoja kaandika 2 3/2. Hawajui baki ni baki ya *nini*. Aliyetembea anajua, kwa sababu aliposema "nimebakiwa na tatu" miguu yake ilikuwa bado kwenye robo.

Kesho kila mmoja anatembea. Itakula kipindi kizima na sijali.

Wiki ya 3, Jumatano

Kurudi nyuma, kutoka mchanganyiko hadi guni. Wengine wameshafundishwa nyumbani: "zidisha chini na pembeni, ongeza juu." Mmoja aligeuza 3 2/5 akapata 25/5. Alijumlisha kwanza, 3 na 2, ndipo akazidisha kwa 5. Nikamwuliza 25/5 ni ngapi. "Tano." Na ulianza na ngapi? "Tatu na kitu." Akatazama kamba, ikamalizikia 4. "Mwalimu, hii imetoka nje." Akafuta mwenyewe, akaandika 17/5.

Hicho ndicho ninachokitafuta: mtoto anayejua jibu limetoka nje kabla ya mwalimu kumwambia.

Wiki ya 3, Ijumaa

Jambo dogo lenye madhara makubwa: mwandiko. Nimempa mtoto mmoja kosa katika maswali manne mfululizo, kisha nikagundua kwamba mimi ndiye niliyekosea. Kila alipoandika 2 3/4 alibana ile 2 ikalingana na 3, nikasoma 23/4. Lakini ukiangalia vizuri, hata yeye mwenyewe alipofika mstari wa tatu wa kazi aliisoma 23/4 na kuendelea nayo. Hizi ni namba mbili zilizo mbali sana. 23/4 ni 5 3/4.

Sheria mpya: namba nzima inaandikwa kubwa, urefu wake sawa na sehemu yote kwa pamoja, na kile kistari cha sehemu kinaelekea tumboni mwake. Tumeandika ukurasa mzima wa kufanya mazoezi ya mkono, kama darasa la kwanza. Walilalamika.

Kilichojificha kati ya 2 na 3/4 ni alama ya kujumlisha. Tunaposema "mbili *na* robo tatu" tunaitamka, tunapoandika tunaimeza. Nimewaruhusu, kwa sasa, waandike 2 + 3/4 wanapotaka. Nimewaambia pia kwamba mpangilio huu haukushuka kutoka mbinguni. Kile kistari kinaonekana tayari kwa al-Hassar, mwanahisabati wa Maghreb wa karne ya 12, na Fibonacci, mwanahisabati wa Italia, alikitumia katika kitabu chake cha 1202, ila namba mchanganyiko aliziandika kinyume na sisi, sehemu ikitangulia kushoto na namba nzima ikifuata kulia. Wakataka kujaribu. Dakika mbili za 3/4 2, wakakubali kwamba ya kwetu inasomeka vizuri zaidi.

Wiki ya 4, Jumanne

Kabla ya kujumlisha zenye asili tofauti, nimewapa kazi ya kugawana: kanda 3 za karatasi, watu 4, kila mtu apate sawa, mkasi uko mezani.

Nilitarajia kila ukanda ukatwe robo nne na kila mtu achukue robo tatu. Vikundi viwili vimefanya hivyo. Kikundi cha dirishani kimekata kanda mbili nusu-nusu, kila mtu nusu, halafu ukanda wa mwisho robo nne, kila mtu robo. Jibu lao: 1/2 + 1/4. Wakadhani wamekosea kwa sababu halifanani na la wenzao.

Hawakujua kwamba wamefikiri kama waandishi wa Misri ya kale. Mafunjo yanayoitwa ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes takriban mwaka 1550 KK na sasa yapo katika makumbusho ya British Museum, London, yanaandika karibu kila sehemu kwa kujumlisha sehemu zenye kiasi cha 1. Theluthi mbili peke yake ndiyo iliyokuwa na alama yake maalumu. Yamo humo jedwali la kugawanya 2 kwa kila namba witiri kutoka 3 hadi 101, na mafumbo ya kuwagawia watu 10 mikate kwa usawa. Nikawapa 5 kwa watu 8. Kikundi cha dirishani hakikusita: 1/2 + 1/8. Wengine walikuwa wakihesabu thumuni hadi kengele.

Faida ambayo sikuipanga: kuhakikisha kwamba 1/2 + 1/4 ni 3/4 walilazimika kuibadilisha nusu iwe robo mbili. Asili ya pamoja imeingia yenyewe, kupitia mkasi, kabla sijaitaja.

Wiki ya 4, Alhamisi

Kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili. Hapa sina la kusimulia; wanakijua tangu mwaka jana, wakakitumia. 1/2 + 1/3 leo ni 3/6 + 2/6, sudusi tano. Nimewaonyesha karatasi zao za wiki ya kwanza zenye 2/5. Kicheko.

Wiki ya 4, Ijumaa

1 1/2 + 2 2/3. Njia imekwenda vizuri, 1 3/6 + 2 4/6, wakapata 3 7/6. Wengi wakaishia hapo.

Mimi na mwenzangu tumebishana kuhusu alama. Yeye anasema ni kosa. Mimi nasema hesabu ni sahihi, ila kazi haijakamilika: 3 7/6 ina mahali kwenye kamba, ni palepale. Tumekubaliana nusu ya alama kwenye mtihani wake, na mazoezini mimi naandika pembeni "je, imejaa?" kwa neno la yule wa safu ya mbele. Sudusi 7, sita zimejaa zikawa nzima, imebaki moja: 4 1/6.

Tatizo ni kwamba kamba inaishia 4. Walisimama hapo na kadi mkononi. Mmoja akapima sentimita 20 kupita msumari wa mwisho, akaibandika kadi ukutani kwa gundi, penye ukuta mtupu. Nimeiacha. Jumatatu naongeza kamba hadi 6.

Wiki ya 5, Jumatatu

Kutoa. Nilijua wiki hii itakuwa ngumu.

Swali: 3 1/4 − 1 3/4. Nimepata majibu ya aina tatu. Wengi wameandika 2 2/4: tatu toa moja ni mbili, halafu robo tatu toa robo moja, yaani kubwa toa ndogo, yoyote itakayokuwa juu. Kundi la pili wamekopa, lakini wamekopa kama walivyozoea. Wamechukua moja kutoka kwenye 3, wakaiweka mbele ya kiasi, 1 ikawa 11: 2 11/4. Jibu lao, 1 8/4. Hawa nimekaa nao, kwa sababu hawakukosea kwa uvivu. Miaka yote tumewaambia ukikopa jirani anakupa kumi. Hapa jirani hatoi kumi. Anatoa nzima moja, na nzima moja kwa ukoo wa robo ni robo nne. Kwa ukoo wa humusi angetoa humusi tano. Mkopo unalipwa kwa vipande vya asili yako. Tukaandika 3 1/4 kama 2 5/4, toa 1 3/4, ikabaki 1 2/4, nusu ikajulikana kwa jina lake: 1 1/2.

Kundi la tatu hawakuandika kitu.

Wiki ya 5, Jumatano

Lazima niandike hili kabla sijasahau maneno yenyewe.

Swali lilikuwa lilelile, tunalirudia kwa kamba. Binti mmoja wa kundi la tatu, wale wa karatasi tupu, yuko mbele na fimbo ameshikilia kwenye 1 3/4.

"Hapo ni wapi?" nikamwuliza.

"Moja na robo tatu."

"Ungeisemaje kama ni saa?"

Akafikiri. "Mbili kasorobo."

Darasa likacheka kidogo, yeye hakucheka. Akaitazama kadi nyekundu ya 2, ikiwa sentimita 30 mbele ya fimbo. "Mwalimu, kwani si natoa mbili, halafu narudisha robo?"

Nikamwambia afanye. 3 1/4 toa 2 ni 1 1/4. Rudisha robo: 1 2/4. Moja na nusu. Kwa kichwa, bila kukopa kwa jirani yeyote.

Tunayo lugha inayosema 1 3/4 kwa njia mbili kila siku, na neno moja, *kasorobo*, ni kutoa kwenyewe: nzima kasoro robo. Mtoto anayesoma saa ameshafanya hesabu ya namba mchanganyiko mara elfu. Mimi nimefundisha mada hii miaka yote hiyo pembeni ya saa ya ukutani na sikuwahi kuliunganisha. Kipindi kilichobaki tumecheza na kasoro tu: 4 7/8 ni tano kasoro thumuni, 2 5/6 ni tatu kasoro sudusi, 12/13 ni moja kasoro kipande kimoja cha kumi-na-tatu. Hapo yule wa safu ya mbele akapiga kelele kwamba ndiyo maana zinajaa.

5 − 2 3/5 wakaifanya kwa njia hiyo pia: toa 3, rudisha humusi mbili, 2 2/5. Wiki iliyopita wangeniandikia 3 3/5.

Kukopa nimeendelea kukifundisha. Ila sasa wana njia mbili, na wanazitumia kusahihishana.

Wiki ya 5, Ijumaa

Jaribio fupi la kutoa. Bado wapo wanaotoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko wapi, hasa asili zikiwa tofauti, kama 4 1/3 − 1 1/2. Wanabadilisha vizuri hadi 4 2/6 − 1 3/6, kisha wanachoka, wanaandika 3 1/6. Jibu ni 2 5/6. Ni kazi nyingi mno kwa mstari mmoja. Sijapata dawa zaidi ya kuwataka wakadirie kwanza pembeni: itakuwa chini ya 3 au juu ya 3?

Wiki ya 6, Jumanne

Kuzidisha hakukuwa kwenye mpango, nimeonja tu. 2 1/2 × 3 1/2, wote: 6 1/4. Mbili mara tatu, nusu mara nusu. Tukachora mstatili kwenye karatasi ya miraba, upande mmoja 2 1/2, mwingine 3 1/2, tukahesabu. Miraba kamili 6, ubavuni nusu 2, chini nusu 3, pembeni kabisa robo moja. Jumla 8 3/4. Kanda mbili nzima zilikuwa zimesahauliwa, mojawapo ya ubavuni, nyingine ya chini. Nitaanzia hapa muhula ujao.

Wiki ya 6, Alhamisi

Zoezi la kupima la mwisho, maswali yaleyale matano yenye namba zilizobadilishwa, isipokuwa la kwanza nimeliacha lilivyo. 2/5 imejitokeza kwenye karatasi tatu. Mmoja wa hao watatu ameifuta na kuandika "haiwezekani, imepungua", kisha akaacha nafasi tupu. Hana jibu, lakini nimempa alama moja ambayo haimo kwenye mwongozo. Nimelirudia pia lile swali la 12/13 + 7/8: wengi wameandika "karibu 2", na wawili wameandika 19.

Wiki ya 6, Ijumaa

Nilidhani leo ni siku ya kushusha kamba. Nikauliza swali la kupitisha muda: kati ya 1/3 na 1/2 tunaweza kutundika kadi gani?

Kimya. Kwenye kamba ni sentimita 40 na sentimita 60, nafasi ipo, lakini namba gani? Kundi la nyuma likageuza zote kwa asili ya 6: 2/6 na 3/6. "Hakuna, Mwalimu, zimefuatana." Wengine wakasema twende 12: 4/12 na 6/12. Ipo! 5/12, sentimita 50. Ikatundikwa. Na kati ya 5/12 na 1/2? 24: 10/24 na 12/24, basi 11/24, sentimita 55. Na kati ya hiyo na nusu? 23/48. Hapo kibanio kikagongana na kibanio cha nusu, kadi zikapandana.

"Kwa hiyo zimekwisha?" nikauliza.

Binti wa kasorobo akajibu kabla ya wengine. "Vibanio ndivyo vilivyokwisha. Namba zipo."

Wakaanza kubishana 47/96 ingeshikwa na nini. Kamba haijashuka. Nimeongeza kwenye orodha ya vifaa: pini, zile nyembamba kabisa.